Namna ya Kusoma Picha ya Shunga: Mwongozo kwa Anayeanza

Anayekutana na shunga, picha za mapenzi za Japani, kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale. Kwa nini viungo vya siri vimechorwa vikubwa kupita kiasi? Mbona watu wamevaa nguo hali wako faragha? Yule anayechungulia nyuma ya mlango ni nani? Maandishi yaliyojaa juu ya vichwa vyao yanasema nini? Na lile kubwa kuliko yote: hii ni sanaa, au ni ngono tu iliyozeeka? Maswali haya nimeyajibu kipande kipande mara nyingi. Sasa nayakusanya hapa kwa hatua, ili uchukue picha moja na uifanyie kazi mwenyewe.

Kabla ya yote shika hili: shunga husomwa kutoka pembezoni kuja katikati. Anayeanza hukimbilia katikati, akaona alichokiona, akafunga. Aliyefanya hivyo ameiacha sehemu kubwa ya kazi ya msanii bila kuigusa, na maswali yake yote yatabaki palepale.

Nadharia kidogo tu, halafu tuendelee. Shunga zinazojulikana zaidi ni za chapa za mbao, yaani zilizochapwa kwa vibao vilivyochongwa, za enzi ya Edo, 1603 hadi 1868. Hazikuchorwa na watu wa pembeni. Walizichora mabingwa wenyewe: Moronobu, Harunobu, Kiyonaga, Utamaro, Kunisada, na Hokusai, yule yule wa wimbi kubwa linaloning'inia kwenye kuta za watu duniani kote. Zilitazamwa na wanaume na wanawake. Wachuuzi wa kukodisha vitabu walizipitisha nyumba kwa nyumba, pamoja na hadithi na vitabu vya kawaida.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe umetimiza miaka 18. Makumbusho ya Eisei Bunko ya Tokyo yalipofanya maonyesho makubwa ya shunga mwaka 2015, hayo ndiyo yaliyokuwa masharti ya mlangoni, na watu zaidi ya 200,000 waliingia.

Picha safi, inayoweza kukuzwa. Chukua kutoka kwenye hifadhi za mtandaoni za makumbusho: British Museum ya London, Museum of Fine Arts ya Boston, au kituo cha utafiti cha Nichibunken cha Kyoto ambacho kina hazina kubwa ya vitabu vya aina hii. Usitumie picha ulizotumiwa kwenye simu. Nyingi zimekatwa pembe, na pembe ndizo tunazozihitaji.

Ikiwezekana, seti nzima au kitabu kizima.

Karatasi nyeupe ya kufunikia, daftari na penseli. Kama una kitabu mkononi, ongeza kioo cha kukuzia.

Muda. Picha moja ipe saa nzima.

Onyo moja kwa walio Afrika Mashariki: usiagize chapa halisi wala kitabu kabla hujauliza forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaorodhesha picha na vitabu vya kingono miongoni mwa bidhaa zisizoruhusiwa kuingizwa, na ofisa wa mpakani halazimiki kujua Utamaro ni nani. Kwa kujifunza, mtandao wa makumbusho unatosha kabisa.

Kwa mfano wetu, tafuta picha ya wapenzi wawili wakiwa ghorofani kwenye nyumba ya chai, kutoka seti ya Utamakura iliyochorwa na Kitagawa Utamaro mwaka 1788 na kutolewa na mchapishaji Tsutaya Jūzaburō. British Museum wanayo. Mwanamke ametupa mgongo, nywele zake nyeusi zimefungwa juu, na nyuma kuna ukingo wa baraza. Ifungue, iache wazi.

Hatua ya 1: Jua umeshika nini

Kuna michoro ya mkono kwenye hati ndefu za kuviringisha, kuna kurasa za vitabu, na kuna karatasi za chapa zilizouzwa kwa seti. Seti ya kawaida ina picha 12. Karatasi kubwa iitwayo obani ni takriban sentimita 39 kwa 26. Kwenye kitabu, picha huenea kurasa mbili zinazotazamana, ndiyo maana utaona mstari ukiipasua katikati. Huo ni mkunjo wa kitabu, wala hauna maana yoyote ya siri.

Ukubwa unaeleza mengi. Mwaka 1785 Torii Kiyonaga alitoa seti kwenye karatasi zenye kimo cha sentimita 12 hivi na urefu wa 67 hivi, ambazo zingeweza kuviringishwa na kubebwa ndani ya mkono wa kimono. Katika umbo hilo jembamba ilimlazimu kukata miili: kichwa huku, goti kule, sehemu nyingine zikiishia nje ya ukingo. Ukiitazama bila kujua vipimo utadhani mtu ameiharibu kwa mkasi. Kwa hiyo andika vipimo kwanza kwenye daftari.

Kosa la kawaida hapa ni kuhukumu seti kwa picha moja. Katika seti nyingi picha za mwanzo ni za upole, pengine watu wamekaa tu wakizungumza, na joto hupanda taratibu.

Hatua ya 2: Funika katikati, tazama pembe

Weka karatasi nyeupe juu ya miili. Kilichobaki kiandike kwa majina: chandarua, jiko la mkaa, kiambaza cha kukunja, sahani, kikombe cha sake, bomba la kuvutia tumbaku, ua, tawi, theluji dirishani.

Msanii wa Edo hakuweka kitu kwa kujaza nafasi. Maua ya mplamu ni mwanzo wa mwaka. Cherry iliyochanua ni majira yanayofuata. Chandarua na kipepeo cha kujipepea ni joto. Majani mekundu ya maple ni msimu wa kupukutika. Wapenzi waliojifunika miguu kwa blanketi la meza yenye makaa chini yake wako kwenye baridi kali. Ukishajua majira, unaanza kujua saa, na ukijua saa unaweza kukisia kwa nini watu hawa wana haraka au wana nafasi.

Hesabu pia karatasi laini zilizokunjwakunjwa na kutupwa sakafuni. Zilikuwa za kujifutia. Zikiwa nyingi, msanii anakuambia kwamba wewe mtazamaji umechelewa kufika.

Kwenye mfano wetu: majani mabichi nje ya baraza, ukingo wa ghorofa, vitambaa vyepesi vinavyoonyesha ngozi kwa chini. Ni siku ya joto, mahali pa wazi kuliko chumba cha kulala.

Hatua ya 3: Tambua watu kwa nywele na mavazi

Ondoa karatasi juu ya vichwa tu, katikati pabaki pamefunikwa.

Mwanamke aliyenyoa nyusi na kupaka meno rangi nyeusi kwa kawaida ni mke wa mtu. Mikono mirefu ya kimono inayoning'inia ni ya msichana ambaye hajaolewa. Mshipi mpana uliofungwa kwa mbele, pamoja na pini nyingi kichwani, mara nyingi ni alama ya mwanamke wa mitaa ya starehe kama Yoshiwara. Panga mbili zilizowekwa kando ya godoro ni za samurai.

Usikimbilie kuwaita wanawake wote makahaba. Hili ni kosa linalorudiwa hata na watu wazima wa kazi hii. Sehemu kubwa ya shunga huonyesha watu wa kawaida: mume na mke, jirani na jirani, mjane na kijana wa dukani, watumishi jikoni. Na pale inapokuwa Yoshiwara kweli, kumbuka kwamba wengi wa wanawake wale waliingizwa kule kwa mikataba ya madeni iliyosainiwa na jamaa zao. Uzuri wa hariri usikusahaulishe hilo.

Hatua ya 4: Soma nguo

Hapa tulia, maana hapa ndipo penye utajiri.

Kwa Wajapani wa Edo mwili mtupu haukuwa habari. Watu walioga kwenye mabafu ya umma, na katika mengi wanaume na wanawake walichanganyika. Kilichowasha moto ni nguo inayofunguka: kinachoonekana kupitia kitambaa, kinachochomoza chini ya pindo, kisogo kinachobaki wazi pale ukosi wa kimono unapovutwa nyuma. Kwa hiyo msanii alimwacha mtu na nguo zake, kisha akazifungua mahali alipotaka wewe utazame.

Fuata mstari wa pindo moja kwa kidole kutoka begani hadi chini. Utaona unakupeleka kwenye uso, mkono, au kwenye muungano wa miili. Mapindo ni njia za kuongoza jicho. Kisha tazama rangi za ndani. Nguo ya ndani nyekundu ya mwanamke, ikitokeza katikati ya kitambaa cha kijivu au cheusi, ndiyo sauti kubwa kuliko zote ndani ya picha. Kisha tazama nakshi. Nguo zenye nakshi mbili tofauti zikigongana huonyesha ni mguu wa nani uko wapi, jambo ambalo kwenye shunga si rahisi.

Wateja wa Edo walizijua nguo hizi kwa jina na kwa bei. Aina ya hariri, upana wa mistari, nembo ya ukoo mgongoni: yote yalikuwa taarifa.

Rudi kwa Utamaro. Vazi jepesi limelala juu ya mapaja yao, na mchongaji amelifanya lionyeshe ngozi kwa chini. Fikiria kazi hiyo: hakuna brashi inayolainisha, ni mbao ya cherry iliyochongwa, wino, na karatasi. Ngozi imechapwa kwa rangi yake, kisha kitambaa kikaja juu yake kwa kibao kingine. Kila nyuzi unayoiona ni ukingo uliobakizwa na kisu. Panda hadi kisogoni, mahali nywele zinapoanza. Mistari ile ya nywele, myembamba kama iliyochorwa kwa sindano, ilichongwa na bingwa wa karakana. Kazi ya vichwa haikupewa mwanafunzi.

Hatua ya 5: Sasa tazama miili

Ondoa karatasi. Mambo matatu yatakushangaza, na yote ni kanuni.

La kwanza ni ukubwa. Viungo vya siri mara nyingi vinakaribia ukubwa wa uso, na vimechongwa kwa umakini ule ule wa uso. Ni kawaida ya kale kuliko chapa zenyewe. Kisa kimoja cha karne ya 13 kinaeleza mchoraji aliyelaumiwa kwa kutia chumvi. Alijibu kwamba wazee wa kazi hii walichora hivyo, kwani vikichorwa kwa kipimo chake halisi hapatakuwa na cha kutazama. Vichukue viungo hivyo kama nyuso mbili zaidi ndani ya picha, zenye tabia na hisia.

La pili ni mikao isiyowezekana. Kiuno kimegeuzwa huku, kifua kule, ili uso na sehemu za siri zionekane kwa pamoja. Wasomaji wa pwani huniuliza kama picha hizi zilifanya kazi ya kungwi kwa bibi harusi. Kwa sehemu, ndiyo: hati za shunga ziliweza kuwekwa ndani ya vitu alivyokwenda navyo bibi harusi wa familia yenye uwezo. Lakini miili iliyopindwa hivi haifundishi mkao. Inafundisha kwamba jambo lenyewe lina furaha, na kwamba ni la wawili.

La tatu ni nyuso tulivu. Usitafute hisia mdomoni peke yake. Zitafute kwenye vidole vya miguu vilivyojikunja, kitambaa kilichoumwa kwa meno, unywele uliochomoka kwenye msuko, macho yaliyobanwa yakawa mstari mmoja. Vidole vya miguu ndivyo ninavyovitazama kwanza kila ninapofungua picha mpya. Msanii mzembe huvisahau, na bingwa huviacha viseme kila kitu.

Kwenye picha yetu, Utamaro amevunja kanuni ya kwanza karibu yote. Kilicho kikubwa kwenye shunga nyingine, hapa karibu hakionekani. Badala yake kuna mkono wa mwanamke kwenye shavu la mwanamume, na jicho moja tu la mwanamume linalochungulia chini ya nywele za mwanamke. Kuza jicho hilo. Uso wake mwingine wote umefichwa, na bado unajua kabisa anamtazama vipi.

Hatua ya 6: Mtafute mtu wa tatu

Pitia milango ya karatasi, nyufa, madirisha, vivuli, hata picha zilizochorwa kwenye viambaza ndani ya picha. Mara nyingi kuna anayechungulia: mtumishi, mke mwenza wa wivu, paka. Huyu ni ndugu yako, kwani na wewe unachungulia, na msanii anajua.

Harunobu alilifikisha jambo hili mbali zaidi. Katika seti yake ya Maneemon, iliyotoka karibu na mwaka 1770, mwanamume anapewa dawa inayomfanya awe mdogo kama harage, kisha anasafiri nchi nzima akishuhudia mapenzi ya watu kutoka juu ya rafu na chini ya mapindo ya nguo ili ajifunze. Kwenye kila picha kazi yako ya kwanza ni kumtafuta yuko wapi.

Na cheka, umeruhusiwa. Vichekesho ni sehemu ya shunga tangu mwanzo. Mzee anayeteleza, mtoto anayelia wakati mbaya, mwizi anayeingia akasahau kuiba. Anayezitazama kwa uso wa mazishi anazikosa.

Hatua ya 7: Soma maandishi, au mtafute aliyeyasoma

Kwenye vitabu na seti nyingi, nafasi tupu imejaa mwandiko wa kuunganisha herufi. Ni mazungumzo ya wapenzi, miguno iliyoandikwa kwa sauti zake, ugomvi mdogo, utani. Wajapani wengi wa leo hawawezi kuusoma mwandiko huo bila mafunzo, kwa hiyo usijilaumu. Tafuta tafsiri kwenye maelezo ya makumbusho.

Usiruke hatua hii. Ona kilichompata Edmond de Goncourt, mwandishi Mfaransa wa karne ya 19 aliyewapenda wasanii wa Japani na kuwaandikia watu wa Ulaya habari zao. Alipoiona picha ya Hokusai ya mwaka 1814, kutoka kitabu cha Kinoe no Komatsu, yenye mwanamke mzamiaji na pweza wawili, alimweleza mwanamke yule kuwa kama maiti, hata hajulikani ni aliyezama au ni mzima. Macho yamefumba, mwili umelegea, bahari, wanyama: alibaki na shaka. Maandishi yanayomzunguka mwanamke hayaachi shaka yoyote. Anaongea, analalama kwa raha, pweza mkubwa anajisifu na kutaja jumba la mfalme wa joka chini ya bahari, na pweza mdogo anangoja zamu yake. Mtu aliyesoma maneno na mtu ambaye hakuyasoma walikuwa na picha mbili tofauti mikononi.

Katika mfano wetu maandishi ni machache, yako kwenye kipepeo alichoshika mwanamume. Ni shairi la mtunzi Yadoya no Meshimori. Kwa maneno yangu linasema hivi: mdomo wake umebanwa imara ndani ya chaza, ndege sululu hawezi kuruka, jioni ya msimu wa kupukutika. Mdomo mrefu na chaza havihitaji ufafanuzi kwa watu waliokulia kwenye mafumbo. Ila kuna tabaka la pili, na hilo ndilo la hatua inayofuata.

Hatua ya 8: Uliza picha inaiga nini

Zaidi ya miaka 600 kabla ya Utamaro, mtawa na mshairi Saigyō alitunga shairi la huzuni kuhusu sululu wakiruka kutoka bwawani jioni ya majira hayo hayo. Kila msomi wa Japani alilijua. Meshimori amelichukua shairi la mtawa, akamfanya ndege ashindwe kuruka. Mtazamaji wa 1788 alipata raha ya mwili na raha ya kutambua kwa pamoja.

Mchezo huu uko kila mahali. Mzamiaji wa Hokusai naye anatoka kwenye hekaya ya mwanamke aliyezama baharini kumnyang'anya mfalme wa joka kito cha thamani, akafukuzwa na viumbe wa bahari. Kunisada alichezea ulimwengu wa Mwanamfalme Genji, shujaa wa riwaya ya kale ya Japani. Ukikutana na kitu kisichoeleweka, kama mavazi ya kizamani au mnyama asiye na sababu, chukulia kwamba kuna hadithi nyuma yake na uitafute.

Hatua ya 9: Kadiria umri wa picha

Hapa ni haraka. Nyeusi peke yake, au nyeusi iliyotiwa rangi kwa mkono: pengine ni ya mapema, zama za Moronobu aliyefariki 1694 na waliomfuata. Rangi nyingi zilizochapwa: baada ya 1765, ulipoanza uchapaji kamili wa rangi. Bluu kali ya Prussia ikienea kwenye picha: kuanzia miaka ya 1830 hivi.

Saini usiitegemee. Mwaka 1722 serikali ilipiga marufuku vitabu vya mapenzi, na tangu hapo wasanii waliacha kusaini waziwazi au walitumia majina ya kupanga. Kunisada, kwa mfano, alijiita Bukiyō Matabei. Wengine walificha jina lao kwenye kiambaza au kipepeo ndani ya picha. Chapa za kawaida zilianza kubeba muhuri wa mkaguzi baada ya 1790, shunga hazina. Na kwa kuwa hazikupita kwa mkaguzi, wachapishaji waliweza kuzipamba kupita kiasi wakati chapa halali zilikuwa zimebanwa kwa kanuni za miaka ya 1841 hadi 1843: dhahabu, fedha, na nakshi zilizokandamizwa bila wino, ambazo huonekana tu ukiinamisha karatasi kwenye mwanga.

Inafaa ujue pia kwamba Utamaro alipofungwa pingu mwaka 1804, shunga haikuwa sababu. Alikuwa amemchora mtawala wa zamani, Toyotomi Hideyoshi, kwa namna iliyowaudhi wakubwa.

Hatua ya 10: Andika

Andika sentensi kumi kuhusu picha, ambazo kati yake mbili tu zinaruhusiwa kutaja tendo lenyewe. Ukishindwa kufikisha kumi, rudi hatua ya 2.

Ukikwama

*Sijui mguu ni wa nani.* Anzia kwenye nakshi ya nguo, shuka nayo. Angalia pia rangi ya ngozi: wanaume mara nyingi wamepakwa rangi nyeusi kidogo kuliko wanawake, na wana manyoya miguuni.

*Rangi zinang'aa mno, kama zilizochapwa jana.* Huenda zimechapwa karibuni kweli. Chapa maarufu zimechongwa upya mara nyingi. Katika nakala za zamani, bluu iliyotokana na maua na rangi ya waridi iliyotokana na ua la karthamu hufifia sana. Anga iliyogeuka kahawia au kijivu ni jambo la kawaida.

*Picha ina sehemu zilizofutwa au kuzibwa.* Umepata nakala kutoka kitabu cha Kijapani cha karne ya 20. Baada ya 1868 serikali mpya iliziona picha hizi kuwa aibu mbele ya wageni, na sheria ya jinai ya 1907 ikaendelea kuwabana wachapishaji hadi kufikia miaka ya 1990. Tafuta nakala ya makumbusho.

*Picha inanisumbua, naona kulazimishwa.* Huenda unaona sawasawa. Ndani ya Utamakura hiyo hiyo kuna mwanamke anayemng'ata mkono mwanamume mwenye manyoya anayemlazimisha. Shunga nyingi ni za raha ya pande mbili, lakini si zote, na hakuna kanuni ya sanaa inayokudai uipende kila moja. Soma maandishi kwanza, ili usije ukarudia kosa la Goncourt. Kama maneno yanathibitisha ulichokiona, kiite kwa jina lake kwenye daftari lako.

*Nyumbani wananiona natazama uchafu.* Usibishane kwa maneno makubwa kuhusu sanaa. Waonyeshe picha ya Utamaro ikiwa imefunikwa katikati kama kwenye hatua ya 2, kwa wale waliofikia umri, na uwaulize ni siku ya joto au ya baridi.

*Nimemaliza picha moja, niende wapi?* Baki na msanii huyo huyo, seti hiyo hiyo, picha nyingine 11. Halafu nenda kwa Kiyonaga wa 1785 kwa ajili ya mistari, Harunobu kwa vichekesho, na Kunisada kwa nguo na uchapaji wa kifahari. Hokusai mwache wa mwisho: kurasa zake zimejaa maneno kuliko za wengine, na utamfurahia zaidi ukiwa umeshazoea kusoma.